Salamu za Mwalimu Salva

Watoto walianza kumuulizia Mwalimu Salvatory kabla hawajashusha magodoro yao kutoka garini.

"Shikamoo, Mwalimu Devotha. Mwalimu Salva yuko wapi?"

"Marahaba. Ingieni kwanza bwenini, mnalowa."

Ilikuwa Juni, mwezi wa ukungu na baridi ya kuuma vidole. Shule ile iliyo juu ya barabara ya Kifungilo ilikuwa imefungwa kwa likizo, wanafunzi wake wamekwenda makwao, na mabweni yameachiwa kambi kama ilivyokuwa kila mwaka. Watoto walitoka Lushoto mjini na Soni. Wengine walitoka mbali zaidi, Bulwa, kwenye mashamba ya chai ya milima ya mashariki, wakizunguka kwa Muheza na Mombo siku nzima ndani ya basi. Walikuwa watoto wa wachuma chai na watoto wa wenye maduka, wa msikitini na wa kanisani. Kambini walipanda miti, walishona, walichora. Lakini ukimkuta mtoto wa kambi ile sokoni miezi mingi baadaye na kumuuliza alichojifunza, hakutaja mti wala sindano. Aliimba.

Walipokwisha kukusanyika ukumbini, Devotha alisimama mbele yao, mikono ameificha ndani ya mtandio.

"Mwalimu Salvatory ana udhuru mwaka huu. Yuko kwao Mbinga, kuna shughuli ya ukoo." Akaukaza mtandio. "Anawasalimu sana."

Sentensi mbili za kwanza zilikuwa za kamati. Ile ya mwisho aliiongeza mwenyewe, na ilimtoka kwa wepesi uliomshangaza.

Mwalimu Salvatory alikuwa amefariki Aprili, katika hospitali moja mjini Tanga, kwa ugonjwa wa figo aliouficha mpaka ulipokataa kufichwa. Kamati ilikaa mwezi uliofuata kulizungumza jambo hilo. Mzee Edward, mwenyekiti, bwana shamba mstaafu na mtu mwema, alilieleza kwa upole. "Watoto wanakuja kucheza. Tukiwapa msiba siku ya kwanza, tutakaa na vilio vya watoto wa watu mpaka mwisho, na wazazi wao hawapo. Tuwaambie siku ya kufunga, kila mmoja akiwa na mzazi wake wa kumkumbatia." Wote waliona ni busara. Devotha naye aliona ni busara. Alikuwa amefundisha shule ya msingi tangu ujanani na alijua kwamba hivyo ndivyo watu wazima wanavyowafanyia watoto: msiba unapoingia nyumbani, mtoto hupelekwa kwa jirani, na akirudi huambiwa kwamba babu yuko safarini. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo.

Tena alikuwa na sababu nyingine ambayo hakuitaja kwenye kikao, kwa kuwa hakuwa amejitajia hata yeye mwenyewe.

Habari ya kifo ilimfikia kwa simu, asubuhi ya mvua kubwa ya masika. Alifunga mlango wake na kupanda basi la kwanza. Chini ya Soni kipande cha mlima kilikuwa kimeporomoka na kuziba barabara, na abiria waliambiwa wasubiri tingatinga. Hakusubiri. Alivua viatu, akajifunga khanga kiunoni, akalivuka lile tope jekundu huku konda akimpigia kelele nyuma, "Mama, utafia humo!" Upande wa pili alipata lori la mbao lililomfikisha Mombo. Alipoingia hospitali jua lilikuwa linaelekea kuzama. Mhudumu wa chumba cha maiti, kijana aliyevaa ndara, alimwambia kwamba ndugu walikuwa wamekwisha kuondoka na mwili tangu alfajiri, kuelekea Mbinga.

"Pole sana, mama. Wewe ni nani wake?"

 Devotha hakuwa mke wala dada. Hakuwa shangazi, wala hata jirani. Msiba una nafasi zake: kuna anayekaa mkekani, anayepika, anayesimama nje na wanaume, anayetoa pole na kuondoka. Alijipima kwenye kila nafasi, akaona hatoshi.

"Tunafanya kazi pamoja," alisema. Kisha, kwa kuona kwamba hayo hayakutosha, aliongeza, "Kila Juni."

Kijana alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Devotha alirudi Lushoto kesho yake, akaendelea kufundisha, akasahihisha madaftari. Hakulia. Alingoja kilio kije chenyewe kama mgeni anayejua njia, nacho hakikuja.

Salvatory alikuwa karani wa mizani kwenye shamba moja la chai karibu na Bumbuli. Wazazi wake walitoka Mbinga zamani kuja kuchuma chai Bulwa, na huko ndiko alikozaliwa, katika nyumba za wafanyakazi. Walipozeeka wakarudi kwao, yeye akabaki milimani. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kuinama, na koti la kijivu ambalo hakuna aliyekumbuka kumwona bila hilo. Akina mama waliopanga foleni na matenga yao ya majani mabichi walimjua kwa jambo moja: kilo za kila mchumaji hakuzitamka, aliziimba. Meneja mmoja alijaribu kumkataza, akashindwa, kwa sababu wachumaji walianza kumjibu kwa sauti ya pili.

Likizo yake ya mwaka yote aliileta kambini. Hakuna aliyemlipa, na alipoulizwa kwa nini hapumziki, alisema kwamba mizani ndiyo inayomchosha, watoto wanampumzisha.

Namna yake ya kufundisha haikuwa ya mahali pengine. Mteremko ulio nyuma ya shule ulikuwa umekatwa ngazi kwa ajili ya mboga, nazo ngazi hizo alizifanya darasa. Sauti ya kwanza aliisimamisha juu kabisa, chini yake sauti ya pili, kisha ya tatu, na besi kule chini kwenye mfereji, miguu imo ndani ya magimbi. Yeye alivuka bonde na kusimama ng'ambo, kwenye njia ya mbuzi, hata akaonekana mdogo kama kijiti. Kutoka huko aliongoza kwa mikono. Watoto walilazimika kusikilizana, kwa sababu aliyeimba kwa kujifurahisha mwenyewe alirudishiwa kosa lake na mlima, mbele ya wote.

"Sauti ya pili!" alipiga kelele kutoka ng'ambo. "Mbona mnatembea? Nani kawafungulia zizi?"

Au, kwa Mathayo wa Bulwa mwaka sauti yake ilipoanza kuvunjika: "Mathayo, baba, sauti yako imekwenda likizo, mwili ndio umekuja kambini. Shuka kwenye magimbi uingoje huko huko!" Na Mathayo, badala ya kuona haya, alishuka akicheka, kwa maana kila aliyeshushwa kwenye besi na Mwalimu Salva alijiona amepandishwa cheo.

Kila asubuhi alipita jikoni kwanza, akawaamkia wapishi kwa Kishambaa chake kibovu, "Onga makeo, mabosi," kisha akamletea Devotha kikombe cha chai ofisini na kukaa dirishani na chake. Wapishi walimwita mume wa Juni. "Mwalimu Devotha, mume wako wa Juni ameshafika, tukupikie nini?" Devotha, mjane wa miaka mingi, alijifanya amekasirika. Salvatory hakujifanya chochote. Aliinywa chai yake.

Basi kwa kumkosa mtu huyo ndipo zile salamu zilipozaliwa.

Siku ya pili ya kambi, watoto walipokuwa wanamenya viazi, mmoja aliuliza kama Mwalimu Salva amepiga simu. Devotha alisema ndiyo. Amesema sauti ya pili wasitembee. Watoto walicheka, na kicheko chao kilimpa joto mwilini ambalo hakuwa nalo tangu Aprili. Siku iliyofuata aliongeza. Mbinga kuna baridi kuliko hapa. Mwalimu Salva anakula samaki wa ziwani na amenenepa. Jogoo wa shemeji yake anawika juu mno kila alfajiri, naye amemhamishia sauti ya pili, lakini jogoo hataki kushuka. Watoto walijipiga mapaja kwa kicheko, na Devotha akacheka nao mpaka akafuta macho. Wakati wa kusema hayo alimwona kabisa: kwenye ua wa ukoo, koti lake la kijivu, anabishana na jogoo. Salvatory alikuwa hai mahali fulani kwenye barabara ndefu ya kusini, na yeye, Devotha, ndiye aliyepokea habari zake.

Jioni, akiwa peke yake, alijiambia kwamba kesho ataacha. Kesho ilipofika watoto walimzunguka na nyuso zao, naye alikuwa na salamu mpya.

Ilham ndiye aliyemfikisha pabaya. Alikuwa binti wa muuza vitambaa wa mjini Lushoto, msichana mwembamba mwenye ushungi uliofungwa barabara na sauti ya kwanza isiyotetereka, na alipenda mambo yaeleweke.

"Mwalimu, siku ya kufunga atakuja?"

"Ni mbali, Ilham."

"Lakini amekosa kambi nzima. Siku ya kufunga hajawahi kukosa. Atakuja?"

Wote waliacha kumenya viazi. Devotha alitafuta neno ambalo lisingekuwa uongo mpya, na kwa haraka akaokota lile alilolijua mtoto mwenyewe. "Inshallah," alisema.

Ilitosha. Kuanzia siku ile, kila alasiri watoto walitoroka kwenda kwenye ngazi za mboga, na Ilham akavuka bonde na kusimama njia ya mbuzi. Walikuwa wanatunga wimbo wa kumpokea. Walikusudia kujipanga, kila sauti kwenye ngazi yake, ili Mwalimu Salva atakapokuwa anapanda kutoka barabarani apokewe na mlima mzima. Wapishi waliapishwa wasiseme. Devotha hawakuweza kumficha kwa kuwa dirisha la ofisi yake lilitazama huko, kwa hiyo walimfanya msiri wao.

*Umechelewa, Mwalimu, uji umepoa,* sauti ya kwanza iliimba. Na besi kutoka kwenye mfereji: *Njoo, njoo tuupashe moto.*

Ulikuwa wimbo mzuri. Devotha alisimama dirishani na, walipomtazama wakingoja neno lake, aliwapigia makofi.

Kulikuwa na jambo ambalo hakulielewa. Watoto wa Bulwa, Jenipher na Mathayo, waliimba na wenzao lakini kwa midomo tu. Na kwake yeye walikuwa wapole mno. Jenipher, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye mikono mikubwa ya kazi, alimpokea kila ndoo aliyoishika. Asubuhi moja ya manyunyu alivua sweta lake mwenyewe na kulitandika kwenye benchi ili Mwalimu asikae penye unyevu. Mathayo alimletea mahindi ya kuchoma bila kuombwa. Kila aliposimulia habari za Mbinga, wawili hao walitazama chini. Devotha alidhani wanakumbuka nyumbani, akawaongezea maziwa kwenye uji.

Siku moja kabla ya kufunga, baada ya chakula cha mchana, alikwenda nyuma ya jiko kutazama kuni. Kabla hajazunguka kona ya ukuta alisikia sauti zao.

"Mwambie wewe," alisema Mathayo. "Wewe ndiye mkubwa."

"Mimi mtoto tu. Mtoto anatoaje habari ya msiba? Bibi atanipiga."

"Bibi yako yuko Bulwa! Kesho yule mama atavaa nguo nzuri, atasimama pale mlangoni, anamngojea mtu. Wewe utaweza kumwangalia?"

"Wakubwa wenzake wamwambie. Mzee Edward yupo."

"Mzee Edward naye kama anajua? Hawa wote hawajui, Jeni. Wamedanganywa kwenye simu. Mwenzio kila siku anasalimiwa na marehemu!"

Devotha alisimama pale ukutani, kiganja kimeshika tofali. Mwanzoni alifikiri wanamsema Ilham. Kisha lile neno, yule mama, lilimfikia polepole, nalo likakaa. Kuanzia siku ya kwanza, alipokuwa akiwakinga watoto hawa na kifo, wao walikuwa wakimkinga yeye. Ndiyo sababu ya ndoo. Ndiyo sababu ya sweta.

Alizunguka kona. Jenipher aliruka, akajiziba mdomo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mna habari gani ya kuniambia?"

Wawili hao walitazamana. Mathayo alianza kuchimba udongo kwa kidole cha mguu. Machozi yalimtoka Jenipher kabla ya maneno. "Samahani, Mwalimu. Bibi alisema nikikuta hamjui nisiseme. Alisema mtu mzima anaambiwa na watu wazima wenzake, tena akiwa amekaa."

Devotha angeweza kuwaambia pale pale kwamba anajua. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini aliutazama uso wa yule msichana, uliochoka kwa kubeba, akaona kwamba hata yeye mwenyewe habari hii hajapata kuambiwa akiwa amekaa. Alikuwa amepigiwa simu akiwa wima, akaelezwa na kijana wa ndara akiwa wima, akakaa kamatini na kuizungumza kama ratiba. Alivuta gogo, akalifuta kwa mkono, akakaa.

"Nimekaa," alisema. "Niambie."

Jenipher alipiga magoti mbele yake, kama alivyoona wakifanya wanawake wa kwao.

"Mwalimu Salva amefariki. Ni tangu masika. Sisi tulimuaga."

"Mlimuaga?" Hilo hakulitegemea. "Wapi?"

"Kwetu. Bulwa."

Wazee waliochuma chai na baba yake, Jenipher alieleza, waliwaomba ndugu wasimpitishe Muheza kama mzigo, kijana aliyezaliwa mikononi mwao. Basi gari liliacha barabara kuu na kupanda milimani. Mvua ilinyesha. Penye kona za mwisho magurudumu yaliteleza na wanaume wote wa zamu ya mchana walitoka kiwandani wakalisukuma gari kwa mikono, meneja akiwatazama bila kuwazuia. Jeneza waliliweka kwenye banda la mizani, kwa kuwa ndilo lililokuwa na paa zima. Katekista aliomba, shehe akaomba, wanawake wakapita.

Huku barabara ya Soni ilikuwa imeziba. Na wakati Devotha anavuka tope, viatu mkononi, mwili ulikuwa bado hapo jirani, katika milima ya pili, chini ya mvua ile ile. Aliliwaza hilo, likamchoma, akaliacha lipite.

"Halafu wakasema watoto wa kambi waimbe," alisema Mathayo, ambaye sasa alikuwa amechuchumaa naye. "Tulikuwa wachache. Na mashine za kiwanda hazikuzimwa. Mimi ndiye niliyetoa sauti."

"Akaitoa juu mno," alisema Jenipher. "Juu, juu! Tulipofika katikati tukakwama wote."

"Watu wakaanza kulia. Walidhani tumeshindwa kwa uchungu."

"Kumbe tulikosea tu," alisema Jenipher, na kicheko kidogo kikamtoka katikati ya machozi, akaona haya. "Tukaanza upya."

"Ulimwona?" aliuliza Devotha.

"Nilimwona."

"Alikuwaje?"

Jenipher alifikiri, kwa sababu alielewa kwamba anaulizwa kweli. "Walimnyoa vibaya. Hapa, chini ya taya, walimwachia ndevu upande mmoja. Alikuwa na koti lake. Alikuwa... kama anasikiliza. Ile anavyofanya ng'ambo, akiwa hajainua mikono."

Ndipo kilio kikaja. Hakikuja kama mgeni anayejua njia. Kilikuja kama lile poromoko la Soni, pamoja na mawe na mizizi, na Devotha aliinama juu ya magoti yake na kulia kwa sauti nyuma ya jiko la shule. Jenipher alimshika kichwa. Mathayo, asijue la kufanya, alianza kuzipanga kuni.

Alipopata pumzi, aliwaambia. "Wanangu, nilikuwa najua."

Mathayo aligeuka na ukuni mkononi. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ile. Kamati nzima tunajua. Tuliona tuwaambie kesho."

"Na salamu?"

"Nilizitunga."

"Zote? Hata ya jogoo?"

"Hata ya jogoo."

Kijana aliuweka ukuni juu ya wenzake. "Ilikuwa kama yeye kabisa," alisema hatimaye, naye hakusema kwa kulaumu.

Devotha aliosha uso bombani na kwenda moja kwa moja kwa Mzee Edward, aliyekuwa anapanga viti vya wageni.

"Mwenyekiti, nakwenda kuwaambia sasa hivi."

"Mwalimu, tulikubaliana. Kesho, wazazi wakiwepo."

"Kesho watakuwa wamejipanga mlimani wanamwimbia mtu aje. Tukiwaacha wasimame pale ndipo tuwaambie, hawatatusamehe, na watakuwa na haki."

Mzee Edward aliyatazama macho yake yaliyovimba. Aliweka chini kiti alichokishika. "Ngoja nivae koti," alisema. "Usiende peke yako."

Watoto walikuwa kwenye ngazi zao, Ilham ng'ambo. Devotha alimwita avuke, akawaambia wote washuke na kukaa kwenye majani, na alipoona wamekaa kweli, naye alikaa chini, nguo yake nzuri ya kazi kwenye unyevu.

"Mwalimu Salvatory amefariki," alisema. "Alifariki Aprili, kwa ugonjwa. Amezikwa kwao Mbinga. Niliwaambia yuko kwenye shughuli ya ukoo, na hiyo haikuwa kweli. Niliwaambia anawasalimu, na hiyo nayo haikuwa kweli."

Ukungu ulikuwa unapanda bondeni.  Kisha mmoja akaanza kulia, na kilio kikapita kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ilham hakulia. Alisimama.

"Aprili?"

"Aprili, Ilham."

"Basi sisi tulikuwa tunamwimbia nani?" Sauti yake ya kwanza isiyotetereka ilitetereka. "Siku zote hizi. Wewe ulikuwa dirishani unatuona. Ulitupigia makofi!"

"Ndiyo."

"Ulisema inshallah. Hilo si neno la kuchezea, Mwalimu."

"Najua. Nilikosa."

Devotha hakutafuta la kujitetea. Alikuwa na mengi, na yote yalikuwa ya kweli: kamati, wazazi, uchungu wake mwenyewe, lakini aliona kwamba hakuna hata moja ambalo mtoto huyu alipaswa kulibeba. Ilham aligeuka, akapanda mpaka ngazi ya juu kabisa, akakaa huko akiwapa mgongo. Mzee Edward alitaka kumfuata, Devotha akamzuia kwa mkono.

Maswali yalikuja. Aliumwa nini? Aliumia sana? Nani alikuwa naye? Yaliyokuwa yake aliyajibu. Yaliyokuwa ya Bulwa, Jenipher aliyajibu, na Mathayo alikiri mbele ya wote kwamba alitoa sauti juu mno, na hakuna aliyemcheka. Mtoto mmoja aliuliza wimbo wao wa uji utafanywa nini sasa. Devotha alisema hajui. Wataamua wao.

Hakuona ni nani aliyeanza. Labda ni Jenipher, aliyezijua taratibu. Alimkaribia, akainama, akampa mikono yote miwili. "Pole, Mwalimu. Pole kwa kufiwa." Nyuma yake Mathayo, na nyuma ya Mathayo mwingine, na mara watoto walikuwa wamejipanga kwenye ule mteremko kama walivyowaona wakubwa wao wakijipanga misibani. Hakuna aliyewafundisha. Walimpa mikono baridi yenye udongo, wengine wakitazama pembeni kwa haya, na kila mmoja alisema neno lile ambalo tangu Aprili hakuna mtu wa kambi wala wa shuleni aliyemwambia, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba ni lake. Pole, Mwalimu. Pole, Mwalimu. Naye aliwajibu mmoja mmoja, "Asante. Nawe pole," amekaa chini pale, mkekani bila mkeka.

Ilham alishuka baada ya muda. Hakutoa mkono wala pole. Alikaa karibu na Devotha, mabega yao yakigusana, akatazama mbele.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa mdogo kuliko wote kambini, Martin wa Soni, aliyekuja mwaka huu kwa mara ya kwanza na hakuwahi kumwona Mwalimu Salva hata siku moja. Alikuwa amelia kwa sababu wenzake wanalia. Alipofika mbele, akakuta uso wa Mwalimu umelowa na mikono yake miwili inamngojea, lile neno alilolisikia likirudiwa mstari mzima lilimpotea kabisa. Alitafuta, akakosa, akageuka nyuma kutazama kama kuna wa kumsaidia. Hakukuwa na mtu. Basi aliweka mikono yake kichwani kwa adabu, kama mtoto anavyomwamkia mkubwa, akatoa lile aliloliweza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," alisema Devotha, akamvuta karibu. "Marahaba."